Ukuta unaotoa chumvi: Dawa ya kuzuia maji yaweza kuumaliza

Bila shaka umewahi kumwona utingo wa matatu aliyeshinda kutwa kwenye jua kali akiwa amevaa shati jeusi. Ifikapo jioni, mgongo wa shati lile huwa umechorwa ramani nyeupe yenye mipaka na visiwa. Jasho limekauka likaenda zake hewani, lakini chumvi iliyokuwa ndani yake haina mabawa. Imebaki pale pale maji yalipoitupa.

Ukilielewa shati la utingo, basi umeelewa nusu ya habari ya leo. Nusu ya pili nilijifunza kwa hasara, na hasara yenyewe haikuwa yangu bali ya shangazi yangu, jambo ambalo hunikera hadi leo.

Shangazi anaishi Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, kwenye nyumba ya ghorofa aliyoachiwa na marehemu mumewe. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe, na kuta zake zina unene wa karibu dhiraa moja. Kwa miaka mingi ukuta wa chini, ule unaotazama kichochoroni, umekuwa ukitoa unga mweupe. Kila Ijumaa asubuhi shangazi huchukua ufagio wake akaupangusa ule unga, na ukuta wenyewe huuita "mgonjwa wangu". Alikuwa ameuzoea.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa Februari, alipitiwa na kijana mmoja fundi wa rangi. "Bi. Mkubwa," kijana akamwambia, "mbona wateseka na ufagio ilhali siku hizi kuna dawa? Ukiipaka, maji hayaingii tena." Dawa ililetwa ndani ya mtungi wa plastiki wa lita 20, nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Pamoja na ufundi ilimgharimu shangazi Sh16,000, pesa alizokuwa ameziweka kando kwa karo ya mjukuu wake aliyekuwa ajiunge na chuo cha ufundi mwezi wa Mei. Nilikuwapo siku hiyo. Shangazi alinigeukia akaniuliza, "Wasemaje, mwanangu, wewe uliyesoma?" Nami, niliyesomea uandishi wa habari wala si mawe, nikamwambia akubali.

Masika yalipoingia tulijipongeza. Mvua ilipiga ukuta ule na matone yakateleza hadi chini kama shanga zilizokatika uzi. Hakukuwa na unga mweupe hata chembe. Ufagio ukapumzika.

Mwezi wa Januari uliofuata nikapigiwa simu. "Mwanangu, njoo uuone ukuta wako." Lile neno "wako" nililisikia vizuri sana.

Nilichokikuta ni hiki. Uso wa ukuta, kuanzia magotini hadi kifuani, ulikuwa umebanduka kwa vipande bapa kama vigae, kila kimoja kikiwa na unene wa milimita chache. Vipande hivyo vilikuwa vikavu na vigumu, na ukivimwagia maji bado yaliteleza. Dawa ilikuwa ikifanya kazi yake barabara! Lakini nyuma yake, mahali palipokuwa na jiwe, palikuwa na unga mtupu. Ukiugusa unamiminika kama sukari, ukiulamba ni chumvi. Ndani ya nyumba nako, kabati la nguo za shangazi lililokuwa limeegemezwa ukuta huo huo lilianza kunuka ukungu, ilhali upande wa ndani haukuwahi kuwa na unyevu wa kutisha hapo awali.

Sasa tujiulize, msomaji wangu: imekuwaje dawa iliyozuia maji ikavunja ukuta?

Jiwe si kitu kilichoshikana kama unavyoliona. Limejaa vitundu vidogo mno, vingi visivyoonekana kwa macho, na jiwe la matumbawe linazidi mengine mengi kwa vitundu kwa kuwa lilijengwa na viumbe vya baharini. Ukitumbukiza ncha ya kitambaa majini, maji hupanda kitambaani yenyewe bila kusukumwa na mtu. Ndivyo yanavyopanda ukutani kutoka ardhini. Maji hayo hayapandi matupu. Yanabeba chumvi ya udongo, chumvi ya bahari inayoletwa na upepo wa kusi, chumvi zitokazo kwenye vyoo vya zamani, na hata chumvi za ndani ya saruji yenyewe. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, yaani karibu vijiko viwili vya mezani. Hebu fikiria ukuta ulionyonya unyevu wa aina hiyo kwa miaka 200.

Maji yakifika usoni mwa ukuta hukauka, nayo chumvi hugeuka fuwele, zile punje zenye kingo unazoziona ukiitazama chumvi ya jikoni kwa makini. Fuwele zikijitengeneza nje, hazina madhara makubwa. Ni ule unga wa kufagia. Hatari ni zinapojitengeneza ndani ya vitundu. Hapo hukua zikitafuta nafasi, na msukumo wake waweza kuzidi nguvu za jiwe. Punje moja haifanyi kitu, lakini zikiwa mamilioni, na zikirudia kazi hiyo kila siku, jiwe husalimu amri.

Nimesema kila siku kwa sababu maalum. Chumvi ya kawaida ina tabia ya kuvuta maji kutoka hewani unyevu wa hewa unapozidi asilimia 75 hivi. Mama yeyote wa Mombasa anajua jinsi kibakuli cha chumvi kinavyolowa mezani bila kumwagiwa kitu. Unyevu ukishuka chini ya hapo, chumvi hukauka tena. Sasa, hewa ya mwambao wetu huwa juu ya kiwango hicho usiku na alfajiri, kisha jua likiwaka mchana mara nyingi hushuka chini yake. Kwa hivyo chumvi iliyo ukutani huyeyuka na kuganda, huyeyuka na kuganda, hata pasipo tone la mvua. Tena hiyo ni chumvi mpole. Kuna nyingine iitwayo salfati ya sodiamu ambayo ikinywa maji huvimba zaidi ya mara tatu. Wanaopima ubora wa mawe katika maabara huitumia makusudi wakitaka kujua jiwe lipi litavunjika upesi.

Wala msidhani, ndugu zangu wa Nairobi, kwamba haya ni mambo ya Pwani peke yake. Tazameni chini ya rangi ya ukuta wa bafu au karibu na sakafu katika nyumba za mtaani kwenu. Ile rangi inayofura kama lengelenge na kuacha unga mweupe ukiibonyeza ni kazi ya chumvi hiyo hiyo, safari hii ikitoka kwenye saruji, mchanga na udongo.

Jambo lenyewe ni la kale. Mwanahistoria Mgiriki, Herodotus, aliyezuru Misri karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kuwa chumvi ilitoka ardhini kwa wingi hata ikayadhuru mapiramidi. Na kisa cha mnara mmoja wa Misri chafaa kusimuliwa hapa, maana unafanana na ukuta wa shangazi kuliko nilivyotarajia.

Mnara huo wa jiwe moja la matale ulichongwa zamani za Farao Thutmose wa Tatu, yapata miaka 3,400 iliyopita. Ulianguka, ukalala kwa karne kadhaa kwenye ardhi yenye unyevu, kisha Warumi wakauhamishia Alexandria. Katika hewa ya Misri ulidumu. Mwaka 1881 ukasimamishwa katika bustani ya Central Park jijini New York, na punde si punde uso wake ukaanza kubanduka. Mwaka 1885 wakuu wa mji wakaamua kuupaka nta ya aina ya mishumaa iliyoyeyushwa, ili maji yasiingie. Vipande vilivyobanduliwa wakati wa kazi hiyo vilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 300, na maandishi yaliyokuwa juu yake yakapotea navyo. Watu wa wakati ule waliilaumu baridi ya New York. Baadaye wanajiolojia walionyesha kuwa chumvi ambayo jiwe lile liliinywa lilipokuwa limelala ilihusika pakubwa. Iliamka ilipofikiwa na hewa yenye unyevu.

Turudi kwenye dawa. Zile za kisasa si nta. Nyingi zimetokana na jamii ya silikoni, na huitwa sileni au siloksani. Ukitaka kuelewa zinavyofanya kazi, tafuta jani la nduma ulimwagie maji. Maji hujikunja yakawa vidonge na kuteleza, ingawa jani halijafunikwa kwa nailoni. Dawa hizi hupenya ndani ya jiwe kwa milimita kadhaa na kuvisha kuta za vitundu vyake tabia ya jani la nduma, bila kuviziba. Maji hayapiti, lakini mvuke hupita. Kwa jiwe kavu, safi, linalopigwa na mvua kutoka nje tu, hii ni dawa nzuri na sitaki mtu aseme kuwa nimeitukana.

Kasoro huja pale maji yanapotokea nyuma. Yakisafiri kutoka ndani ya ukuta kuelekea nje, yanafika kwenye tabaka lile lililotibiwa na kukwama. Hayawezi kuendelea yakiwa maji, kwa hiyo hukaukia pale pale na kupita yakiwa mvuke. Na chumvi je? Umeshajua kuwa haina mabawa. Hukusanyika mpakani, milimita chache nyuma ya uso, ikakua mwezi baada ya mwezi mpaka ikausukuma uso mzima ukaanguka kama kigae. Zamani chumvi ilitoka nje, shangazi akaifagia. Sisi tulimfungia mlango, ikaamua kubomoa ukuta. Na kwa kuwa maji yalikuwa yamezoea kukaukia upande wa kichochoroni, sasa yalipanda juu zaidi na kutafuta njia upande wa ndani, ndiyo maana kabati likaota ukungu.

Baya zaidi, dawa hii ikishaingia haitoki. Rangi waweza kuikwangua. Hii imeshikamana na jiwe lenyewe.

Aliyetufumbua macho ni mzee mmoja wa Lamu aliyezoea kazi ya chokaa tangu ujana wake, ambaye jirani alimleta. Aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaulamba unga, kisha akatikisa kichwa. "Mtu anatapika," akasema, "nanyi mkamziba mdomo." Nilitamani ardhi inimeze.

Hakuanza na ukuta. Alizunguka nyumba nzima akitafuta maji, na katika muda wa nusu saa akayapata. Bomba la bafu la nyuma lilikuwa likivuja chini kwa chini, na mfereji wa maji ya mvua juu ya paa ulikuwa umejaa majani, hivyo kila mvua iliponyesha maji yalimwagikia ukutani. Isitoshe, kichochoro kilikuwa kimeinuliwa kwa saruji miaka ya nyuma hadi kikapita kimo cha sakafu ya shangazi. Kutengeneza bomba kulitugharimu pesa kidogo mno ukilinganisha na ile dawa. Mfereji niliuzibua mwenyewe, kwa adhabu.

Kisha akatukataza kuosha ukuta. Hili ni kosa la wengi. Mtu akiona chumvi huchukua ndoo na brashi, akaisugua kwa maji, na maji yakairudisha ndani ilikotoka. Chumvi hupanguswa kikavu, kwa brashi laini, na unga wake hukusanywa ukatupwa mbali. Shangazi alikuwa akiufagia vizuri miaka yote ile, lakini aliuacha chini ya ukuta, mvua ikauyeyusha na ardhi ikaunyonya tena. Nilipomweleza hivyo alinijibu kuwa angalau ufagio wake haukuwahi kubomoa nyumba.

Iliyobaki ndani ya jiwe yaweza kuvutwa kwa lepe. Unachukua karatasi nyeupe zilizolowekwa zikawa uji mzito, au udongo safi wa mfinyanzi, ukachanganya na maji yasiyo na chumvi na kuupaka ukutani unene wa vidole viwili. Unyevu huingia ukutani, huyeyusha chumvi, kisha lepe inapokauka huirudisha kwake kama kitambaa kinavyovuta jasho. Unaibandua na kuitupa, halafu unarudia. Sisi tulirudia mara nne, na mara ya kwanza karatasi zilitoka zikiwa na maganda ya chumvi ambayo mjukuu wa shangazi aliyapiga picha akawaonyesha wenzake. Mahali ambapo ngozi ya dawa ilikuwa bado imeshika, lepe haikufua dafu.

Halafu ikaja chokaa. Wazee wetu hawakuwa wajinga walipopaka nyumba zao chokaa iliyochomwa kwa matumbawe. Jiwe linachomwa, linazimwa kwa maji, linalazwa, na likishapakwa hunywa hewa na kurudi polepole kuwa jiwe. Plasta yake ni laini na hupumua. Maji hupita, chumvi huja kukulia ndani ya plasta badala ya ndani ya ukuta, na plasta ndiyo inayooza. Baada ya miaka michache unaibandua na kupaka nyingine, na jiwe la nyumba linabaki zima. Plasta ya saruji ni kinyume chake. Ni ngumu, imeshikana, huzuia unyevu nyuma yake na pia huja na chumvi zake. Ukipita Mji wa Kale utaziona nyumba nyingi zilizopakwa saruji kwa nia njema, na saruji imesimama kama ganda la yai huku jiwe la ndani limegeuka unga.

Sisemi kwamba chokaa hutatua kila kitu. Fort Jesus iliyoanza kujengwa mwaka 1593 juu ya mwamba wa matumbawe ingali imesimama, lakini nayo huhitaji kutazamwa daima, kwani imekaa mdomoni mwa bahari. Majengo ya aina hii hayana tiba ya mara moja. Na ikiwa nyumba yako iko Mji wa Kale wa Mombasa au Lamu, ambao uliingizwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka 2001, waone kwanza maafisa wa uhifadhi wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya kabla hujamruhusu mtu apake chochote. Ushauri wao ungetuokolea Sh16,000.

Na unayejenga sasa hivi, pengine kwenye ploti yako ya kwanza, kinga iko mkononi mwako. Usikubali mchanga wa ufuoni usiooshwa hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Usichanganye saruji kwa maji ya kisima cha chumvi, maana yataharibu kuta na kuozesha vyuma pia. Msimamie fundi aweke ile karatasi nyeusi ya kuzuia unyevu juu ya msingi, ambayo wenyewe huiita DPC, na uhakikishe haikupasuka wala udongo wa bustani haukurundikwa ukaipita. Ukitaka kupaka dawa ya kuzuia maji baada ya hapo, ukuta ukiwa mkavu na hauna chumvi, jaribu kwanza mahali padogo pa kificho na usubiri majira yote ya mwaka yapite.

Wanafunzi nao wanaweza kujionea wenyewe nyumbani. Chukua vipande viwili vya tofali la udongo lililochomwa. Kimoja kipake nta ya mshumaa ulioyeyuka katika nusu ya juu, pande zote isipokuwa kipaji cha juu kabisa. Mwombe mama au baba akusimamie wakati wa kuyeyusha, tafadhali. Kisimamishe pamoja na mwenzake ndani ya sahani yenye maji uliyotia chumvi hadi ikakataa kuyeyuka, uviweke dirishani na uongeze maji yale kila yanapopungua. Baada ya wiki mbili hivi, kile kisichopakwa kitakuwa na ndevu nyeupe mwili mzima. Kwenye kile kilichopakwa, angalia mahali nta inapoanzia na pale kipajini. Kisha uking'oe kipande kidogo cha nta utazame kuna nini nyuma yake.

Ukuta wa shangazi sasa umevaa chokaa kwa mwaka wa pili. Karibu na mlango, ambapo ngozi ya dawa ingali imeshika, plasta imekataa kukaa na imeanguka mara mbili. Mzee wa Lamu amesema atarudi masika yakiisha apachonge kabisa. Karo ya kijana niliilipa mimi, nusu nusu, naye yuko mwaka wa mwisho.

Mtungi ule nao bado uko chini ya ngazi, una dawa kama lita tano. Mwezi uliopita jirani alikuja kuuomba, amesikia ni dawa nzuri ya ukuta. Shangazi hakumnyima. Alichukua ufagio wake, akamwambia waende kwanza wakautazame huo ukuta pamoja.